Kabla Hujachota Maji ya Lushinge

Kabula,

Tangu Jumapili hatusemeshani, na mimi sitakuwa wa kwanza kufungua mdomo. Ndiyo maana naandika. Ukiikuta barua hii ndani ya begi lako, juu ya zile chupa zako za plastiki, usije jikoni kunikumbatia. Sina hamu ya kukumbatiwa. Isome kesho ndani ya ndege, ukiwa umefungwa mkanda, mahali ambapo huwezi kuinuka katikati ukaniambia una kikao.

Kiswahili changu utakisoma tu. Unajibu kwa Kiingereza kama wenzako wote mliozaliwa hapa, lakini kusoma nilikufundisha mwenyewe kwenye meza hii, mama yako akiwa zamu hospitalini. Na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la nne, usianze kunisahihisha herufi.

Habari za neti, za dawa ya malaria, za kuficha pasipoti, sikuandikii. Mama yako kashakubandikia karatasi kila mfuko, begi zima linaonekana kama ubao wa matangazo. Mimi nina neno lingine, nalo halikufurahishi.

Unakwenda kwetu. Unakwenda kwa kaka yangu Lushinge, upande wa Geita, kuchota maji ya bwawa lake na kuchukua mayai ya samaki wake. Na mpango wako, niliousikia kwa masikio yangu nikiwa koridoni na kapu la nguo, ni kumwambia Lushinge kuwa umekuja kusalimia ukoo. Ulikuwa unamweleza mama yako. Ulisema profesa wako anaogopa kwamba wakijua unachotafuta watakunyima. Mama yako, badala ya kukuzaba kibao, akakuambia, "Basi Bibi asiseme kitu kwenye simu." Mimi ndiye Bibi. Nimeshika soksi zenu, nasikia mnanipangia kunyamaza.

Umesahau tulivyoongea baada ya hapo? Mimi sijasahau.

"Bibi, wakijua watanizuia."

"Wakuzuie. Ni kwao."

"Sasa mayai nitapataje?"

"Muombe mwenye samaki."

"Atakataa."

"Basi utakuwa umekataliwa. Hujawahi kukataliwa tangu uzaliwe, jaribu uone ladha yake."

Mama yako akacheka, wewe hukucheka. Ukaniangalia kwa yale macho makavu ya babu yako, ukasema, na siku hiyo ulisema kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili lisinipite: "Na wewe, Bibi, mbona Sado wa kwa Lushinge hujamwambia?"

Nikaweka kapu chini, nikaingia chumbani. Tangu hapo ndiyo kimya.

Mtoto wa juzi, uliyenikojolea mgongoni kwenye basi kutoka sokoni, unanichoma mahali pamoja ambapo sina ngozi. Nimekaa na swali lako siku zote hizi kama mtu aliyekalia mwiba. Nitalijibu, lakini nitaanza ninapotaka mimi.

Mwaka jana wakati wa baridi ulikuja na simu yako, ukasukuma sahani yangu pembeni, ukasema, "Bibi, tazama." Nikatazama. Yai la samaki, dogo kuliko punje ya ulezi, linaonyesha mpaka ndani kama kioo. Humo ndani kitu kinadunda. Ukasema ni moyo, na siku mbili nyuma moyo huo haukuwepo. Mimi nimezaa, nimezalisha wenzangu, nimeona mengi, lakini moyo wa kiumbe ambaye hajazaliwa ukipiga mbele ya macho yangu sijawahi kuuona. Nikaacha ugali upoe. Hilo nakiri, ingawa siku ile nilikuambia utoe uchafu wako mezani.

Ukanieleza. Ulisema kwa Kiingereza chako, nami naandika kwa Kiswahili changu, kama nimekosea utajua mwenyewe. Ulisema ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi, mnaouita DNA, na uzi huo ndio unaosema hapa jicho, hapa mgongo, hapa mkia. Uzi unakatika. Hata kwenye maji safi unakatika, kila siku, kwa samaki na kwa mtu. Lakini ndani humo kuna mafundi, hawaonekani, kazi yao ni kupita na kushona palipochanika. Na mtoto aliye ndani ya yai anakua kwa haraka ya ajabu, ananakili uzi wake kila saa, hivyo mchaniko usiposhonwa mapema unanakiliwa nao, unakwenda kwenye chembe zote zitakazofuata.

Nikakuuliza, "Sasa hizo sumu unazozipima majini zinakata uzi?"

Ukasema, "Zinakata, ndiyo, lakini hilo ndilo dogo, Bibi. Baya zaidi, zinamshika fundi mkono."

Ukaniambia baadhi ya mafundi hao wanafanya kazi kwa kushika chembe ya zinki, kidogo tu, kama fundi cherehani anavyoshika sindano. Inakuja kadimiamu, inakuja aseniki, inaitoa zinki na kukaa yenyewe mahali pake. Fundi anabaki na sindano isiyo na tundu. Yupo, ameinama kwenye nguo, mkono unakwenda na kurudi, na hakuna kinachoshonwa. Na zebaki, ukasema, nayo ina tabia ya kung'ang'ania palepale.

Ulipotaja zebaki nilisimama nikaosha vyombo. Ulidhani nimechoka kusikiliza.

Nikakuuliza nikiwa nimekupa mgongo, "Na mtu je?"

Ukasema, "Bibi, mimi nasoma samaki."

Jibu hilo nililichukia, na bado nalichukia. Ukaanza kunieleza kwamba kutoka kwenye samaki kwenda kwa mtu hakurukwi tu, kwamba lazima kupimwe, kwamba mtu akisema asilolijua anaharibu. Nusu ya hayo nakubali. Nimeona wengi walioharibu kwa kusema wasilolijua, wengine wana makanisa hapahapa London. Lakini mama yako, ambaye ni nesi na hasomi samaki, alikuwa amekaa palepale akasema kwamba zebaki kwa mwanamke mwenye mimba ni hatari, kwamba hilo linajulikana zamani, halisubiri visamaki vyako vya maabara vyenye mistari. Ulimsikia. Nami nilimsikia. Tukalala.

Sasa nisikilize vizuri, nakuelekeza nyumba unayokwenda.

Kwa Lushinge dhahabu inatoka shimoni ikiwa mawe. Mawe yanasagwa, mchanga unaoshwa, halafu mchanga mzito unatiwa kwenye beseni na zebaki, unakandwa kwa mkono. Zebaki inaikusanya dhahabu. Unakamua kwa kitambaa, unabaki na kidonge cheupe. Kidonge unakichoma mpaka zebaki iondoke kwa moshi, dhahabu ibaki. Wanaume walikuwa wanachimba na kusaga. Kuchoma kwetu ilikuwa kazi ya wanawake, na tulichomea jikoni, kwenye jiko lilelile la mboga.

Hukuuliza kwa nini jikoni. Wasomi hamuulizi vitu vya maana. Jikoni kwa sababu ukichomea nje, kila apitaye anajua nyumba hii leo ina dhahabu, na usiku hamlali. Wengine walichomea nje, wakavamiwa. Kwetu hakuna aliyewahi kuvamiwa, na unajua kwa nini? Kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyewaambia wafunge mlango. Mimi ndiye niliyeziba dirisha kwa bati. Mimi ndiye niliyelowesha gunia na kulisukuma chini ya mlango ili watoto wa jirani wasichungulie wakaona kidonge kinang'aa. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kujifunza kwangu. Mke wa Lushinge, Mungu amrehemu, alinisifia mbele ya mawifi zake wote: huyu ana akili, akichoma hata nzi hajui. Nilitembea nimenyoosha shingo kwa akili hiyo. Nilikuja nayo mpaka Ulaya.

Moshi wa zebaki hauna harufu. Umesoma, utaelewa nilichokuwa nimejenga. Nilijenga chungu chenye mfuniko, nikaingia ndani na mimba zangu.

Mtoto aliyemtangulia mama yako alichelewa kukaa. Akachelewa kutembea. Kutamka hakuwahi kutamka, alikuwa ananishika kidevu tu akitaka kitu. Surua ikamchukua akiwa bado mdogo. Mama yako alizaliwa baada yake, jiko lilelile, moshi uleule, na ametoka mzima, ana ulimi wa kutosha watu wawili. Kwa hiyo sijui. Nakuonya, ukifika ukawa unajifanya mwerevu ukasema yule mtoto ni zebaki, nitakujia huko kwa miguu. Hujui, na mimi sijui, na hakuna maabara itakayokwenda kumuuliza. Wala sikuandikii haya unionee huruma. Huruma zenu za hapa, za kuinamisha kichwa upande na kusema pole kwa sauti ya paka, nimezichoka.

Nakuandikia kwa sababu umeniuliza kwa nini sikumwambia Sado, na jibu ni hilo gunia.

Sado ni mke wa mtoto mdogo wa Lushinge. Hujawahi kumwona. Kila Jumapili nikimpigia kaka yangu, Sado anapokea simu kwanza: "Shikamoo shangazi, baridi huko imekuwaje?" Mwanamke mwenye adabu kuliko nyote mlio chini ya paa hili. Ana mimba ya kwanza. Na ndiye anayechoma sasa, ulimsikia mwenyewe kwenye simu yangu. Alichofundishwa na mama mkwe wake ndicho anachofanya, na mama mkwe wake nilimfundisha mimi. Tangu ile baridi ulipotaja zebaki, najua. Jumapili baada ya Jumapili nimemsikia, nikamuuliza habari za mbuzi. Nikamuuliza kama mvua imenyesha. Mara moja aliniambia, kwa furaha, "Shangazi, gunia lako bado lipo, tumelibadilisha tu." Nikacheka naye.

Ningesema acha, angeuliza kwa nini. Ningesema kwa nini, Lushinge angeuliza nani alianza. Basi. Mimi niliyetembea nimenyoosha shingo ningelazimika kuiinamisha, kwenye simu, mbele ya mtoto wa watu. Hakuna sababu nyingine. Sikuwa nasubiri vipimo vyako. Nilikuwa nalinda sifa ya jiko lisilo na dirisha.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi Jumapili, na nimekuchukia kwa kuwa sahihi. Umeridhika?

Usiridhike. Sasa ni zamu yako.

Hapa Walthamstow ulipopima maji ya jikoni ukakuta madini ya risasi, kidogo tu, kutoka kwenye bomba la kizamani la nyumba hii, hukunong'ona. Ulimwandikia mwenye nyumba siku hiyohiyo. Alipokaa kimya ukawaandikia halmashauri. Ukanizuia kujaza birika mpaka maji yamwagike kwanza, na mpaka leo kila asubuhi nasimama kwenye sinki kama mlinzi, nikitazama maji niliyolipia yakiingia shimoni. Kwa ajili ya birika la kizee ulipiga kelele mpaka jirani wa juu akajua. Halafu unakwenda kwa mwanamke mwenye mimba, unakula chakula alichopika kwenye jiko lile, unalala kwenye shuka alizozifua, na asubuhi unakwenda bwawani na vichupa vyako ukisema nimekuja kusalimia. Kwa nani ulijifunza hivyo? Usiseme kwangu. Mimi nilinyamaza kwa aibu. Wewe unataka kunyamaza kwa faida.

Unajua bwawa lile ni nini? Ni shimo la zamani lililojaa maji. Maji ya kuoshea mchanga yanaishia humo. Lushinge akatia perege, wakazaana, akaona ni baraka. Umeniambia mwenyewe jike la perege likitaga linakusanya mayai yake kinywani, linakaa nayo humo, halili, mpaka watoto watoke. Na wewe utamfungua mdomo uyachukue. Nikakuwazia, Kabula: unakwenda kumfungua samaki mdomo wakati wako umeufunga.

Profesa wako anaogopa utanyimwa mayai. Haya, niandike nilichofanya, kwa kuwa kimeshafanyika na hakuna wa kukirudisha.

Leo mchana ulipokwenda sokoni kutafuta kofia ya safari, nilimpigia Lushinge. Nimemwambia kila kitu. Kwamba mjukuu wangu haji kusalimia, anakuja kupima bwawa. Kwamba anatafuta kama watoto wa samaki wanaharibika ndani ya yai kwa sababu ya tunachomwaga. Nimemwambia "tunachomwaga". Sikusema "mnachomwaga".

Akasema, "Kwa hiyo mnamtuma mtoto aje kunikagua."

"Anakuja kukukagua."

"Samaki wangu wanaliwa na watu wote hapa. Kuna aliyekufa?"

"Sijui, Lushinge. Kuna aliyehesabu?"

"Dada, umekaa kwa wazungu mpaka umeanza kunuka kama wao."

"Nanuka sabuni. Sado anachomea jikoni?"

"Anachomea wapi kwingine? Kuna mtu alitufundisha."

"Niliwafundisha vibaya."

Nilisikia kuku wake. Nikasema, "Nilifunga mlango ili wezi wasione, nikaufungia moshi ndani pamoja na sisi. Nilikosea. Mpe simu Sado."

Akasema huyo mtoto wako asilale kwangu, akakata. Nilirudia kupiga, hakupokea.

Kwa hiyo mpango wenu, wewe na mama yako na profesa, nimeuvunja. Kitanda kwa Lushinge huna. Mayai pengine huna. Kama unataka kupiga kelele, piga, dirisha la ndege halifunguki. Utalala kwa mwalimu wa shule ya pale, nimeshaongea na mkewe, ni watu wa kanisa letu. Asubuhi utakwenda kwa Lushinge kwa miguu, utapiga magoti, utamwamkia kwa Kiswahili au kwa Kisukuma hata kama ulimi unateleza, utamwambia unachotafuta kwa jina lake, na utamuomba. Akikutukana, nyamaza. Anatukana kwanza, anafikiri baadaye, ni ugonjwa wa nyumba yetu, unao na wewe. Akikataa, rudi kesho yake uombe tena. Samaki wako hawaendi popote.

Sijamaliza. Jioni simu iliita mara moja ikakatika. Sado, kanibipu kwa simu ya jirani. Nikapiga. Alikuwa ananong'ona, alikuwa amesikia baba mkwe wake akifoka.

"Shangazi, ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia asichome tena, asikande beseni, atoke jikoni mtu mwingine akichoma, na wakichoma wachomee mbali na nyumba, wezi wakija waje. Nikamwambia aende kliniki awaeleze amekuwa akifanya kazi gani, asifiche. Hayo mama yako, aliposikia nilichofanya, aliniandikia kwenye bahasha ili nisikosee. Sado akaitikia kila neno, ndiyo shangazi, ndiyo shangazi, kama anayetumwa dukani. Halafu akauliza, "Na huyu aliyeko ndani, atakuwaje?"

Mimi naongea sana, unanijua. Nimekaa na simu sikioni, nasikia anapumua, na nilichokiona ni lile yai lako la kioo na kitu kinachodunda humo. Nikamwambia, "Mjukuu wangu anafika wiki hii. Muulize yeye." Ndiyo, nimekutupia. Mimi nilianzisha swali, wewe ndiye uliyesomeshwa kulijibu.

Sasa mimi najua jibu lako, kwa kuwa uliniambia siku ile nikakuchukia. Jibu ni kwamba hujui. Pengine mafundi wake wamemaliza kushona, pengine hawakuweza, na hakuna chupa ndani ya begi lako inayoweza kuona. Basi mwambie hujui. Lakini usimwambie kama ulivyoniambia mimi, umesimama, simu mkononi, mimi nasoma samaki. Kaa chini kwenye mkeka wake. Mwambie kwa Kiswahili, ukimtazama usoni. Atalia. Au hatalia, atakukaribisha chai, na hiyo ni mbaya zaidi. Utatamani sana kuinuka uende bwawani, kwenye kazi unayoijua.

Usiinuke.

Bado nimekukasirikia,
Bibi yako